Imelia! Siku tisa na simu ya mezani yenye laini, Bugolobi

Krrriiing! Si wimbo, si filimbi ya WhatsApp, si mtetemo wa mfukoni. Kengele! Kengele kama zile za ofisi za serikali za zamani, inalia juu ya meza ya mbao katika ofisi ya shemeji yangu hapa Bugolobi, Kampala, na sisi watu wazima wanne tumeganda tunaitazama kama tumeona kuku akisalimia. Nani apokee? Kila mtu amezoea kupokea simu yake. Hii ni ya nani? Dada wa mapokezi ndiye aliyezinduka kwanza. Akanyanyua mkonga, akauweka sikioni, akasema, "Hallo, ofisini hapa, karibu." Ndugu msomaji, nywele zilinisimama.

Niseme mapema usije ukadhani naficha: nimeipenda. Nimeipenda mpaka mke wangu ameuliza kama nitalala nayo. Nimeshika simu nyingi katika kazi hii ya kuandika habari za vifaa, za kukunja, za kamera nne, za kioo kilichopinda pembeni, na sikumbuki mara ya mwisho kifaa kilinifanya nitafute mtu wa kumpigia ili tu nipate sababu ya kukigusa. Hiki kimenifanya. Na ni kitu gani chenyewe? Simu ya mezani yenye tundu la laini. Basi! Unatia laini ya kawaida, ya MTN au ya Airtel, unachomeka waya wa umeme, na meza yako imepata simu. Hakuna fundi wa kupanda nguzo. Hakuna waya wa shaba wa kuibwa usiku.

Wakongwe wa Kampala mtacheka. Mtasema, si ndiyo ile ya chini ya mwavuli? Ndiyo, na huyu ni mjukuu wake. Kabla kila mtu hajawa na katochi kake, kale kasimu kadogo kenye tochi, simu hizi zilikaa juu ya vimeza vya mbao kwenye kila stendi ya mji huu. Unamtajia mama wa mwavuli namba, anabonyeza yeye, anakupa mkonga, naye macho yake hayabanduki kwenye sekunde. Ukimaliza kuomba ada ya shule kwa mjomba, jasho linakutoka kwa hofu ya dakika ya tatu kuanza. Vijijini nako, tangu 2003, MTN na Grameen Foundation walikuwa na mpango wa VillagePhone: mtu, mara nyingi mwanamke, anakopeshwa simu yenye antena ya kuinua juu na kuwauzia majirani maongezi. Halafu simu za mkononi zikashuka bei, na mwaka 2009 ikaja pesa ya simu. Mwavuli ukabaki, meza ikabaki, mama akabaki. Simu ya mezani ikaondoka.

Sasa imerudi, na imerudi imesoma!

Ngoja nikuoneshe. Ni nyeusi, nzito kiasi cha kutulia mezani hata ukiuvuta mkonga kwa hasira. Vitufe ni vikubwa, vya mpira mgumu, vyenye mwanga kwa chini, na vinazama kidole kinavyotaka. Kioo ni kidogo cha rangi, kimeinuka kidogo kumtazama aliyekaa. Antena fupi nyuma. Chini yake kuna mlango, na ndani ya mlango kuna betri kama ya simu ya mkononi, na chini ya betri ndipo laini inapolala. Inashika 4G, inapiga simu kwa VoLTE, yaani sauti inapita kwenye 4G hiyo hiyo, na, shikilia kiti, inatoa Wi-Fi! Kitu kile kile kinachopiga kengele ndicho kinachompa karani wa ofisi intaneti ya kufanyia kazi. Jina la kiwanda sitalitaja. Sijalipwa, na sitaki kuonekana kama niliyelipwa. Isitoshe viwanda vya China vinatengeneza ndugu zake wengi wanaofanana kama mayai. Wewe dukani sema unataka simu ya mezani ya 4G yenye VoLTE. Ukiliacha neno la mwisho utauziwa ya zamani ya 2G, na usije kunilaumu.

Kisa cha kuitafuta ni hiki. Shemeji yangu ni wakala wa forodha. Mizigo yake inashuka bandari ya Mombasa, inapanda barabara hadi mpakani Malaba, inavuka, inaingia Kampala. Ofisi yenyewe ni vyumba viwili tu, karibu na Industrial Area ambako malori yanafikia. Na kwa miaka yote "namba ya ofisi" ilikuwa simu ya mkononi ya karani. Karani akienda chakula, ofisi imeenda chakula. Karani akiugua, ofisi imeugua. Mwaka jana karani akapata kazi kwingine, akaaga vizuri, akaondoka. Na namba ikaondoka naye, maana laini ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho chake! Kwa miezi madereva walikuwa wanampigia kijana wa watu akiwa kazini kwake kwingine kumwuliza hati za kontena. Shemeji akanijia amechoka. "Muko wange, shemeji yangu," akaniambia, "wewe unayejua simu, nitafutie simu isiyokuwa ya mtu."

Simu isiyokuwa ya mtu! Nimeandika makala mangapi ya vifaa na sijawahi kuweka jambo hili vizuri hivyo. Simu ya mkononi ni ya mtu. Hii ni ya meza.

Nikashuka mjini, Mutaasa Kafeero, ambako ukikosa kifaa cha simu basi hakijatengenezwa. Duka la kwanza kijana akanitazama kwa huruma. "Boss, hiyo ni ya wazee." Nikamwambia mimi ni mzee. Duka la tatu ndiko niliikuta, nyuma ya rafu, chini ya ruta. Hapa nikupe siri ya kwanza ya kununua: usitoe pesa kabla ya kutia laini yako mwenyewe, ukapiga, ukapigiwa, hapo hapo dukani. Nyingi ya simu hizi zimefungwa zitumie mtandao mmoja tu, mara nyingi wa nchi nyingine zilikotoka, na kuzifungua ni kazi ya kumtafuta fundi. Bonyeza *#06# uone IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, kwenye kioo, uilinganishe na iliyoandikwa chini ya betri. Zikitofautiana, rudisha, toka, salamu njema.

Na kuhusu vifaa vilivyoidhinishwa, sisi wa Bugolobi tuna raha ya pekee: Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, ni jirani yetu. Jumba lake liko hapa Spring Road. Hao ndio wanaoidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano vinavyoruhusiwa nchini, na mimi nilipita pale mbele na boksi langu mkononi nikijisikia kama mwanafunzi anayepita mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu akiwa na sare safi.

Kisha tuliisajili laini kwa jina la kampuni. Nalirudia hili kwa sababu ndilo lenye thamani kuliko simu yenyewe: jina la kampuni! Nenda na hati za usajili wa kampuni, panga foleni, vumilia. Uganda bado huwezi kuhama mtandao ukabaki na namba yako. Kenya waliruhusu 2011, Tanzania 2017, sisi tunasubiri. Kwa hiyo namba utakayoichora leo kwenye kibao cha duka unaoana nayo. Waulize waliochora namba za 079. Zilikuwa za Orange tangu 2009, zikawa za Africell 2014, na Oktoba 2021 Africell ikafunga virago, namba zikafa zikiwa bado zimepakwa rangi ukutani. Zile za 070 zilikuwa na bahati: Warid ilipouzwa kwa Airtel mwaka 2013, namba zilihama na wenye nazo, na mpaka leo nikiona 070 najua huyu ni mtu wa enzi ya PakaLast.

PakaLast! Nisameheni, siwezi kuipita. Warid walitufundisha kwamba unaweza kulipa mara moja kwa siku ukaongea mpaka sikio liwake moto. Watu walichumbiana usiku kucha. Watu waliacha simu wazi chumbani kwa mtoto iwe mlinzi. Kila bando la maongezi unalolinunua leo ni mtoto au mjukuu wa siku zile.

Basi turudi mezani. Jaribio la kwanza lilikuwa sauti, na hapa ndipo nilipokaribia kupiga kelele. Simu ya kawaida hubeba sauti ya kati ya hezi 300 na 3,400. VoLTE yenye sauti pana huanzia hezi 50 ikafika 7,000. Kwa maongezi ya "umekula?" tofauti hiyo ni anasa. Kwa ofisi ya forodha ni mkate wa kila siku, na nitakuambia kwa nini. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia. Dereva yuko Malaba, lori zinanguruma, anasoma herufi. Ni M au N? Ni B, D au P? Kwa simu ya zamani utamwuliza mara tatu, naye mara ya nne atakujibu kwa matusi ya bandarini. Siku ile ya kwanza dereva alipiga, akasoma mara moja, dada akaandika, akamsomea, kimya kidogo, halafu dereva akauliza, "Dada, uko karibu wapi? Mbona nakusikia kama uko kwenye kabini?"

Mimi nilisimama nyuma yake nimeziba mdomo kwa mkono.

Usipokuwa na VoLTE, ujue, kila simu inapoingia kifaa hushuka kwenda mtandao wa chini ili kipokee, na Wi-Fi yake inaweza kusimama mpaka umalize kuongea. Karani anapakia hati, simu inalia, hati inakatika. Ndiyo maana nasisitiza neno lile. Na si kifaa tu. Laini nayo iwe imefunguliwa VoLTE, na mtandao wako ukitambue kifaa chenyewe. Piga huduma kwa wateja uulize kabla ya kununua. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, chukua laini ya mtandao mwingine ujaribu.

Makosa? Yapo, na moja lilinitoa jasho. Kifaa hiki hakipendi zile menyu za nyota na reli. Nilitaka kununua bando kwa *165#, kikaniletea ujumbe wa kosa. Nikajaribu tena. Kosa. Watu wanne wananitazama, mtaalamu wa simu. Mwishowe nikatoa betri, nikatoa laini, nikaitia kwenye simu ya mkononi ya dada, nikanunua bando, nikairudisha. Aibu tupu! Siku ya pili nikagundua njia ya mkato: unanunua ukiwa kwenye simu yako mwenyewe kwa kuchagua "namba nyingine", bando linatua mezani. Sasa shemeji anaitunza ofisi yake kwa pesa ya simu ya mfukoni, bila kuigusa ile ya mezani. Kosa jingine ni dogo lakini linaniuma kama Mswahili: lugha za menyu ni nyingi, na Kiswahili hakimo. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Kiwanda bado hakijapata barua.

Sasa vifurushi, maana hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Shemeji alikuwa tayari kununua bando kubwa la mwezi la dakika maelfu, kwa furaha tu. Nikamzuia. Nikampa dada daftari, mistari miwili: waliotupigia, tuliowapigia. Siku tatu. Unajua ilikuwaje? Waliotupigia walikuwa zaidi ya mara tatu ya tuliowapigia! Na hapa kwetu anayepiga ndiye anayelipa. Kupokea ni bure. Ofisi inayopigiwa haihitaji bando kubwa, inahitaji laini isiyokuwa bize na mtu wa kupokea. Tukanunua bando dogo la maongezi la wiki, na fedha iliyobaki ikaingia kwenye data. Ndugu, fanya daftari kwanza. Siku tatu tu. Ukishaziona namba zako mwenyewe, hakuna tangazo litakalokudanganya.

Na kumbuka kodi iko ndani. Kwenye kila shilingi 1,000 za muda wa maongezi, ushuru wa asilimia 12 na VAT ya asilimia 18 juu yake hubeba karibu 240. Data nayo ina asilimia 12 yake tangu Julai 2021, ilipochukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza 2018, ambayo iliwafundisha hata bibi zetu neno VPN. Mwaka huo huo wa 2021 tulipata pia zawadi: bando zisizoisha muda. MTN wakaziita Freedom, Airtel wakaziita Chillax. Kwa gigabaiti zile zile unalipa zaidi kuliko bando la siku, ndiyo, lakini kwa simu ya mezani inayotumia data kidogo kidogo ndizo zenye akili. Bando la siku kwenye ofisi ni kama maziwa mezani. Jumapili yamekwisha kuharibika na hakuna aliyekunywa.

Kuna jingine la watu wa barabara kuu. Kenya, Rwanda, Uganda na Sudan Kusini waliingia katika mpango wa mtandao mmoja kati ya 2014 na 2015: ukiwa na laini yako ng'ambo ya mpaka katika nchi hizo, kupokea simu hakukutozi kama zamani, na bei ya kupiga iliwekewa kikomo. Tanzania haikuwamo mwanzoni. Kwa dereva aliyelala upande wa Kenya wa Malaba hii ni nafuu kubwa, lakini dakika zake za bando la nyumbani si lazima zifanye kazi kule. Soma maandishi madogo, ulizia bando la nchi jirani, na kama lori zako zinazunguka Mombasa kila wiki, mpe dereva laini mbili aache kuhangaika.

"Mbona usinunue zile simu za IP, za kupiga kupitia intaneti, kama za benki?" Swali la haki, na nimeulizwa na watu wawili tangu nianze kuhubiri. Nazipenda! Nimeweka Yealink T31P mezani kwangu kwa miezi na sauti yake ni maji ya mtungi. Waya mmoja wa mtandao unaleta maongezi na umeme pamoja, kwa hiyo UPS moja kwenye swichi inaziweka hai zote umeme ukikatika. Kama mko watu kumi, mna vyumba, mnahitaji kumhamishia mteja simu kutoka mapokezi kwenda uhasibu, acha kusoma habari za kifaa changu na nenda huko. MTN na Airtel wote wana huduma za simu za maofisi, na pia wana mipango ya kundi la kampuni ambapo wafanyakazi hupigiana kwa bei iliyokwisha kulipwa. Data yenyewe si tatizo: saa moja ya maongezi kwa kodeki ya G.711 hula karibu megabaiti 80, kwenda na kurudi, ya G.729 karibu 30. Hata intaneti ya kawaida inaibeba. Tatizo ni kwamba intaneti ikizimika, simu zote zinazimika kwa pamoja, na ofisi ndogo inakuwa kisiwa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Simu za IP zilizopita kwenye intaneti ya kawaida zikawa mapambo. Laini za kawaida ziliendelea kulia.

Na mwenye simu nzuri ya zamani nyumbani, ile ya waya ya enzi za namba za mezani za 0414, asiitupe. Kuna kisanduku kidogo cha Grandstream, HT801, kinakaa kwenye kiganja: upande mmoja unachomeka mtandao, upande mwingine unachomeka simu ya babu, na ukishakuwa na akaunti ya SIP, yaani ya simu za intaneti, simu ya babu inapiga kupitia intaneti. Siku nitakayoipata ile nyekundu ya baba yangu kutoka Mombasa, nitaandika makala nzima.

Nyumbani je? Niliipeleka nyumbani siku ya nne, kwenye fleti, kwa kisingizio cha kuipima. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba kuta zetu za zamani ni nene. Mezani katikati ya sebule ilishika vijiti viwili. Dirishani ikashika vyote. Kanuni ni ile ile kwa ruta za 5G, ambazo MTN na Airtel wote walianza kuziwasha Kampala 2023: mawimbi ya juu hayapendi ukuta. Kama unanunua ruta ya 5G kwa ajili ya nyumba, iweke dirishani unakoona mnara, si nyuma ya televisheni ambako mke wangu anataka kila kitu kikae. Kwa nyumba yenye watu wa filamu na michezo ya kompyuta, faiba bado ndiyo mfalme pale inapofika mlangoni, na huko Wi-Fi ya simu yangu hii haijaribu hata kushindana. Lakini kama simu ya nyumba! Mama mkwe alipiga, mtoto wa miaka sita akakimbia akanyanyua mkonga kwa mikono miwili, akasema jina lake lote na la baba yake. Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. Jioni hiyo hakumwulizia mtu. Alipigia nyumba.

Jambo dogo la mwisho la kiufundi, na ni tamu. WhatsApp Business inakubali kuthibitishwa kwa simu ya sauti, si lazima SMS. Tukaiandikisha namba ya mezani, kengele ikalia, sauti ya mashine ikasoma tarakimu, dada akaziandika, na sasa namba moja inapokea madereva kwa sauti na wateja kwa picha za hati. Programu iko kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye katablet ka kampuni. Karani akiondoka, anaondoka na mkoba wake tu.

Betri nimeipima mara mbili, mara moja kwa makusudi na mara moja kwa sababu mtaa mzima ulizimika baada ya mvua. Mara zote mbili ilivuka saa za kazi ikiwa inapokea simu bila Wi-Fi. Ukiwasha Wi-Fi, hesabu nusu yake au chini. Spika ni kali mno na haishuki chini ya kiwango cha pili, kwa hiyo mambo ya siri yazungumzwe kwa mkonga. Kengele ina milio kumi. Tisa ni ya kuudhi. Tumia ya kwanza.

Mnaoitafuta, nendeni na laini mkononi, jaribuni dukani, na msajili kwa jina la biashara. Mimi nimemwachia shemeji ile ya kwanza na nimeagiza ya pili ya nyumbani. Leo ni siku ya tisa. Kwenye daftari la dada, tangu asubuhi imelia mara 31, na zote 31 zimepokelewa.